Kozi ya Ng'ambo na Binti wa Jirani

Mwaka ule nilipoanza masomo ya uzamili sikuwa na haja ya kuongezewa jambo la kunikera. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo si mbali na Makadara, na kazi yenyewe ilinitosha: foleni tangu asubuhi, dawa zilizoahidiwa zisifike, na daktari aliyegawanywa baina ya zahanati nyingi hata ikawa hayuko popote. Lakini lililonikosesha raha kuliko yote lilikuwa vijana. Mama zao waliwaleta na maumivu yasiyokuwa na mahali. Leo kichwa, kesho tumbo, kesho kutwa moyo wadunda. Nikipima sioni kitu. Nikiwapa vidonge vya maumivu wanachukua, wanashukuru, na wiki ijayo wako palepale kwenye benchi. Nilijua kuna kitu sikufundishwa, nikataka kufundishwa.

Chuo nilichokipata kilikuwa ng'ambo. Kozi yenyewe ilikuwa stashahada ya uzamili ya afya ya akili ya vijana, kwa watu walio kazini, na mwishoni mwa miaka ya tisini hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Vitabu vilikuja kwa posta, lakini mwalimu na wanafunzi wenzangu nilikutana nao kwenye kompyuta. Utangulizi wa kozi ulisema mwanafunzi atasoma popote alipo na wakati wowote apendao. Aliyeandika maneno hayo hajapata kuishi Mombasa.

Kompyuta sikuwa nayo. Ilinibidi niende kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka karibu na barabara ya Digo. Zamani alikuwa akitengeneza taipureta, na taipureta zilipokosa wateja akanunua kompyuta chache akazipanga kwenye zile meza zake za zamani zilizojaa madoa ya wino. Alikuwa mtu muungwana, kila nikiingia ananikaribisha kwa salamu ndefu, lakini laini yake ya simu ilikuwa moja, na mkewe aliyekaa ghorofa ya juu alikuwa na haki nayo sawasawa na sisi wateja.

"Sista, mtandao umekwenda," alikuwa akiniambia katikati ya sentensi yangu.

"Umekwenda wapi?"

"Mke wangu ameinua simu."

Basi sote tunakaa kimya tukimsikia bibi huyo kupitia dari, akimkaripia muuza mboga wa Marikiti kwa mabamia yaliyokomaa. Akimaliza na mabamia, ataanza habari za harusi. Mimi nimekaa pale na sare yangu ya kazi, miguu inauma, na mjadala wa kisomi juu ya mfadhaiko wa vijana umekatika kwa ajili ya mabamia. Na nikifanikiwa kuingia, wenzangu wa nchi nyingine wamekwisha sema yote ya kusemwa, wamekubaliana, wamekwenda kulala.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kumfuatilia kijana mmoja na kuandika ripoti. Mwalimu wetu, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kuiona sura yake, alitoa maelekezo. Mtafute kijana anayehitaji msaada. Mtafutie mahali pa faragha. Msikilize bila kukatizwa. Nilipofika hapo kwenye faragha nikacheka peke yangu, mzee wa duka akanitazama.

Kijana sikuwa na haja ya kumtafuta. Alikuwa katika nyumba iliyoungana na yangu.

Huyu alikuwa binti wa kidato cha nne, na tangu utotoni alikuwa mbishi. Ukimwambia chai imeiva atakuuliza umejuaje. Alibishana na walimu wa chuoni alikosomea Kurani, alibishana na wauza samaki, na mitaa yetu ilivyo myembamba, mabishano yake yote yalitufikia jikoni. Kisha, bila kisa, akanyamaza. Nilidhani ni mitihani. Lakini siku moja nilipokwenda kuazima mbuzi ya kukunia nazi nilimkuta amejilaza mchana ukiwa mweupe, nywele hazikusukwa, uso ameugeuzia ukutani.

"Yuwalala tu," mama yake akaniambia jikoni, sauti ya chini. "Akirudi skuli yuwalala. Akiamka, yuwataka kulala tena. Nimemsomea Yasini. Nimemletea kombe la aya kutoka kwa mwalimu wa chuoni, akanywa. Nimemfukizia ubani hata mimi mwenyewe nikakohoa. Sioni tafauti."

"Ni kijicho," akasema bibi yake, aliyekaa kwenye kigoda akichagua mchele. "Walimsifu mno, hawa watu."

Baba yake alikuwa na duka la vipuri vya malori kule Makupa. Yeye alikuwa na jawabu fupi zaidi. "Ni uvivu," alisema, na hakuongeza.

Nikaomba ruhusa ya kuzungumza na mtoto. Mama akakubali haraka. Nikaingia chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaanza kama kitabu kilivyofundisha, taratibu, bila kuuliza mambo mengi. Mara mama akaingia na sharbati ya ukwaju na bilauri mbili. Akaziweka, akajikalisha juu ya mkeka.

"Endeleeni," akasema. "Mimi simo."

Nikamtazama binti. Binti akatazama ukuta. Tukanywa sharbati.

Mara ya pili nikamchukua matembezi ufukweni Mama Ngina, nikidhani kwenye upepo na nafasi ile kubwa tutapata kusema mawili matatu. Nilimnunulia mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tukakaa juu ya ukuta. Hatujatia kitu mdomoni akatokea mama mmoja niliyesoma naye zamani. Masalkheri. Hujambo? Mume hajambo? Watoto je? Na mavyaa wako, magoti yake? Nikajibu yote, kwa maana salamu haikatwi. "Na huyu ni wa nani? Mashallah, amekuwa mkubwa. Ameposwa?" Alipoondoka huyo akaja mwingine, naye akaanzia kwenye masalkheri. Binti alishika mhogo wake mpaka ukapoa. Hakuula. Njiani tukirudi aliniambia neno moja tu: "Nimechoka."

Nikaandika habari hizi kwa mwalimu wangu. Alinijibu kwa upole uleule ulioanza kunikera: pengine ingefaa nimpeleke kijana kwa daktari wa akili ya watoto aliye karibu nami. Daktari wa namna hiyo, kwa nilivyojua mimi, karibu yake ilikuwa Nairobi. Mwanafunzi mwenzangu wa nchi ya baridi akanishauri nimhimize binti atembee msituni peke yake kila asubuhi. Nilianza kumwandikia jawabu ambalo lingenifukuzisha chuo, lakini mke wa mzee akainua simu, na nadhani kwa mara hiyo moja aliniokoa.

Mwishowe nilimwambia mama yake kwamba mtoto amepauka, huenda damu imepungua, anilete zahanati nimpime. Kupimwa damu hakuna aibu. Kesho yake akamleta, nami nikamwomba mama akae nje kwenye foleni akitushikia nafasi. Nikamwingiza binti katika chumba cha sindano. Mlango wa chumba hicho ulikuwa haufungi, kila mgonjwa anausukuma: "Sista, kadi yangu?" "Sista, dawa ya kikohozi iko?" Nikaburura ile mizani nzito ya kupimia watu, nikaiegemeza mlangoni.

Nilimpima damu kweli, kwa sababu sikupenda kusema uongo mtupu. Kisha nikakaa mbele yake.

"Mwanangu, kisa nini?"

"Hakuna kisa." Alisema kwa hasira, na hasira ile ilinifurahisha kidogo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumsikia na kitu chochote katika sauti. "Kila mtu aniuliza kisa. Ningekuwa nacho ningewapa wakaniwacha. Hakuna mtu aliyenifanya kitu. Nimechoka tu. Ni kama nimevaa nguo zilizorowa, na siwezi kuzivua."

Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya swali linalofuata. Kilisema uliza wazi, usizunguke, na kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kusoma ni rahisi. Mimi nimelelewa na watu ambao neno kujiua hawalitamki bila kusema Mungu apishe mbali, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama ile mizani.

"Kuna wakati watamani usiwepo?" nikamuuliza. "Watamani kufa?"

Nje mtu akasukuma mlango, mizani ikalia. Nikapiga kelele: "Ngojeni!"

Binti alitazama mikono yake. "Kila siku," akasema.

Nikamuuliza kama amefikiria namna. Akaniambia amekuwa akiweka vidonge vya presha vya bibi yake, kidogo kidogo, ndani ya foronya ya mto wake. Alinieleza kwa utulivu kama mtu anayeeleza mahali alipoweka daftari. Kisha akanishika mkono. "Usiseme kwa mama. Nakuomba, sista."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia yote mengine aliyonieleza nitayafunika, lakini hili haliwezi kukaa baina yetu wawili, na kwamba sitamwacha peke yake mpaka tufike nyumbani. Aliunyakua mkono wake, akaniita mnafiki. Sikuwa na wakati wa kuumia. Niliiondoa mizani, nikamwomba mwenzangu ashike zamu, nikawachukua mama na mtoto tukarudi kwa miguu, mimi katikati.

Mama alipoambiwa hakulia. Alinigeukia mimi.

"Umemtia maneno mdomoni! Umemfungia chumbani ukamuuliza mambo ya kufuru, naye mtoto atasema nini? Ndiyo hayo masomo yako?"

Bibi ndiye aliyeinuka. Alikwenda chumbani akaugeuza ule mto, akarudi na vidonge kwenye ncha ya kanga. Alikaa akavitazama. "Na mimi nilimtukana yule kijana wa duka la dawa," akasema. "Nikamwambia anipunja. Mara mbili nimemtukana mbele za watu." Akavifunga kwenye kanga fundo juu ya fundo, na tangu siku hiyo dawa zake zikahamia kwangu, kila asubuhi alikuja kuchukua za siku moja, na kila asubuhi akalalamika kwamba ngazi zangu ni mbovu.

Baba alirudi alasiri, mikono ya shati ina mafuta ya gari. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilimwambia kwamba hospitali kuu kuna daktari wa maradhi ya akili. Si wa watoto, ni wa watu wazima, lakini ni daktari, na binti lazima apelekwe kesho, si wiki ijayo.

"Wazimu haumo katika ukoo wetu," akasema.

"Sikusema wazimu. Nimesema maradhi."

"Maradhi ya akili ni nini kama si wazimu? Sista, wewe ni jirani, nakuheshimu. Lakini mtoto akishaonekana kwenye mlango ule, nani atamposa?"

Hapo nikachoka. Nilikuwa nimechoka na laini ya simu, nimechoka na msitu wa yule mwenzangu wa nchi ya baridi, nimechoka na sharbati na masalkheri na mlango usiofunga, na yote yakatoka kwa pamoja.

"Atamposa nani akiwa kaburini?" nikasema, na sikusema kwa sauti ya chini. "Mama yako ana presha, mbona humfichi? Wampeleka kliniki mchana, watu wawaona, hakuna aibu! Kichwa si kiungo kama moyo? Mtoto wako ni mgonjwa, mzee, mgonjwa, na wewe waniletea habari za posa!"

Nyumba za mtaa wetu madirisha yake yanatazamana. Niliponyamaza, nilisikia mtaa mzima umenyamaza pia. Mtu aliyekuwa akitwanga mahali fulani alikuwa ameacha kutwanga.

Baba yake alinifungulia mlango, nikatoka.

Usiku ule mama na bibi walilala na binti chumba kimoja; hilo angalau walinisikiza. Asubuhi majirani walianza kumiminika, huyu na sahani ya vitumbua, huyu na mahamri, wote wamekuja kutazama hali, na wote walikuwa na masikio marefu kuliko vitumbua vyao. Mama wa watu alikasirika nami kwa kisa hicho kuliko kwa yote mengine. Lakini ndicho kilichomwondoa baba nyumbani. Alisema mbele ya wageni kwamba atampeleka mwanawe kwa huyo daktari mara moja, ili kila mtu ajue kwamba yule sista ni mwongo.

Mimi sikuwako, nilikuwa kazini. Aliyenisimulia ni bibi, ambaye alikataa kuachwa nyuma. Walikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Daktari alizungumza na binti peke yake kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Kisha akawaita wakubwa. Akamuuliza baba habari za biashara ya vipuri, akamuuliza kama lori huharibika kwa uvivu wake. Halafu akamwambia: "Mzee, sista wenu amewaambia kweli."

"Si sista wangu," baba akasema. Lakini dawa alizinunua siku ileile.

Hakusema nami kwa miezi mingi. Tukikutana kichochoroni anajibu salamu kwa kikohozi kifupi. Hata hivyo mwanzo wa kila mwezi alifunga duka lake la Makupa mapema, akaenda yeye mwenyewe kuchukua dawa za mwanawe, akazileta ndani ya mfuko wa misumari asije mtu akaziona. Mama aliendelea na Yasini na ubani. Daktari alipoulizwa alisema dua haigombani na dawa. Natamani ningekuwa nimelisema mimi mapema, lakini mimi nilikuwa na hasira mno kusema jambo la busara kama hilo.

Binti hakupona kama wanavyopona watu kwenye mifano ya vitabu. Alianza kuamka, akarudi kulala. Alikula wiki moja, ya pili akaacha. Mtihani wa mwaka ule hakuufanya, na ndugu wa baba walikuja kusema wee. Mimi nilimwita kwangu alasiri nilipoweza, tukikaa juu ya paa nikianika nguo. Mara nyingi alinipokeza vibanio tu. Kwa muda mrefu bado alikuwa na kinyongo nami, nami nikamwachia kinyongo chake.

Ripoti niliiandika dukani kwa mzee. Nilipokuwa nakaribia mwisho stima zikapotea mji mzima na kazi yote ikapotea nazo. Mzee akanipa pole na chai. Nikaandika tena, safari hii nikihifadhi kwenye diski kila baada ya kurasa chache, na diski ikaharibika kwa joto ndani ya mkoba wangu. Nikaandika mara ya tatu, nikaituma ikiwa imechelewa, huku nikimwomba mke wa mzee kupitia ngazi, kwa heshima zote, asiguse simu.

Mwalimu alinipa alama za kupita kwa shida. Alikuwa amesifu swali nililomuuliza binti na hatua nilizochukua kumlinda. Lakini, akaandika, mtaalamu hatakiwi kuzama namna ile ndani ya familia. Nilizungumza kwa ukali na baba. Nilihifadhi dawa za bibi nyumbani kwangu. Palikosekana mipaka.

Nilimjibu palepale, na siku hiyo laini haikukatika. Nilimwandikia: "Mwalimu, ukuta wa nyumba yao ndio ukuta wa nyumba yangu. Wakipiga msumari upande wao, picha zangu zinaanguka. Nionyeshe mpaka uko wapi nami nitausimamia."

Aliniandikia baada ya siku chache. Alisema amenielewa na amelifikiria sana jambo lile. Alama zitabaki zilivyo.

Kozi niliimaliza. Cheti kilikuja kwa posta, kimekunjwa na mtu aliyeona bahasha haiingii kwenye sanduku. Zahanati haikunipandisha cheo, ila ilinipa kile chumba cha sindano alasiri mbili kwa wiki, na baada ya kelele nyingi ikanitilia kitasa.

Binti alirudi shule mwaka uliofuata, akafanya mtihani pamoja na waliokuwa nyuma yake. Jumamosi moja kabla ya mtihani huo, nimetoka zamu, nimejinyoosha tu kitandani, nikasikia mlango wapigwa kwa nguvu. Ni yeye. Nywele amesuka vizuri, mikono kiunoni.

"Sista, mwambie mama awache kunifukizia ubani. Nguo zangu zote zanuka, wanafunzi wanicheka."

"Mwambie wewe."

"Nimemwambia. Asema wewe ndiwe uliyemruhusu."

"Daktari ndiye aliyemruhusu."

"Daktari alisema dua. Hakusema moshi. Dua na moshi ni kitu kimoja?"

"Mwanangu, nimechoka, nataka kulala."

"Mchana huu?" akasema. "Watu hawalali mchana." Akaingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kunieleza, hoja baada ya hoja, kwa nini moshi hauna uhusiano wowote na dua, na nilipojaribu kumpinga akaniuliza nimejuaje.